Mambo Mawili kwa Saa Moja

Leo twataka kusema juu ya jambo moja la uandishi ambalo mtu aweza kulidharau, akisema ni kazi ya walimu wa sarufi. Sisi twaona linatuhusu sote, hasa sisi watu wa Butembo na Beni, na sababu yake mtaiona mbele.

Siku hizi vijana wetu waandika hadithi nyingi. Waandika katika madaftari ya shule, waandika michezo ya kuigizwa siku ya sikukuu ya parokia, waandika hata katika simu zao. Twafurahi sana. Lakini katika hadithi hizo kuna neno moja maskini ambalo limebebeshwa mzigo kuliko chukudu lenye magunia ya makala likipanda mlima. Neno hilo ni "wakati".

Tutunge mfano wetu wenyewe, tusije tukamwaibisha mtoto wa watu. "Wakati mama alikuwa anapika sombe, wakati huo Kambale alikuwa anachota maji. Wakati Kambale alikuwa anachota maji, wakati huo askari walikuwa wanapita barabarani. Wakati askari walikuwa wanapita, wakati huo mbwa alikuwa anabweka." Basi, mama, Kambale, askari na mbwa wamesimama wote katika mstari mmoja, kama watoto wanaongoja kupigwa picha ya Komunyo ya Kwanza. Tumtazame nani? Hatujui.

Aliyeandika hivyo hatumcheki. Aliona vema: mambo hayo yote yalitukia kwa saa moja, naye alitaka kuwa mkweli. Shida ni kwamba hadithi si picha. Tazameni picha za Njia ya Msalaba kanisani: katika ubao mmoja Veronika anapangusa uso wa Bwana, askari anavuta kamba, na watu nyuma wanapiga kelele, na jicho lako linayapokea yote pamoja. Mwandishi hana ubao. Ana mstari mmoja tu wa maneno, na neno la pili haliwezi kufika mpaka la kwanza limekwisha kupita.

Mwalimu akiona daftari kama hilo, huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umerudia neno, tafuta lingine." Mtoto mtii hutafuta. Pa kwanza anaacha "wakati", pa pili anaweka "pindi", pa tatu "ilhali", pa nne "huku", pa tano "sanjari na". Sasa hadithi imevaa koti la viraka vya rangi tano, na mama, Kambale, askari na mbwa wamesimama palepale katika mstari wao. Kurudia neno ni dalili tu, kama homa. Ugonjwa wenyewe ni kwamba mwandishi hajaamua ni tendo lipi analolisimulia, na ni lipi linalolisindikiza. Akiisha kuamua, mara nyingi hatahitaji neno lolote la kuunganisha, kwa sababu kitendo cha Kiswahili chenyewe hubeba saa ndani yake.

Kwa nini vijana wetu hawaoni hayo? Twaona sababu mbili. Ya kwanza ni shule. Sisi sote tulifundishwa kuandika kwa Kifaransa, na Kifaransa kinapenda kuweka "pendant que" mlangoni mwa sentensi kama mlinzi. Kijana anafikiri kwa "pendant que", kisha anaandika "wakati". Sababu ya pili ni kinywa chetu. Sokoni Butembo watu husema "saa ile alikuwa anakuya", na kila mtu amefahamu, wala hakuna haja ya kuwasahihisha. Lakini katika usemi huo silabi ile -ki- ya "akija", "akipika", "wakiimba", haisikiki sana. Wengi wetu twaikuta katika kitabu cha sala na katika masomo ya Misa kuliko kinywani mwa jirani. Kwa hiyo kijana anapoandika haikumbuki, au anadhani ni mali ya "kama" peke yake: ukija, nitakupa.

Nayo yafanya kazi kubwa. "Kambale alichota maji, mama akipika sombe." Tazama: Kambale yuko mbele, mama yuko nyuma yake, na moshi wa jiko tunauona kwa mbali. Ukitaka kumleta mama mbele, geuza: "Mama alipika sombe, Kambale akichota maji." Hakuna neno lililoongezwa, na jicho la msomaji limehama kutoka mtoni hadi jikoni. Hali iliyokwisha kushika nayo ina namna yake, "akiwa amebeba mtungi". Na saa inayofungua mlango wa jambo jipya ina yake, "alipoinama". Mzee asiyejua kusoma hata herufi moja, kama alikulia kwenye Kiswahili cha pwani, hutumia zote bila kuhesabu.

Lakini tahadhari. Kijana akiisha kuambiwa siri ya -ki-, huimwaga kama chumvi. "Akipika, akiimba, akifagia, akimnyonyesha mtoto, mama aliwaza." Mama huyo ana mikono mingapi? Tena tumesoma mara nyingi sentensi ya namna hii: "Akivaa viatu vyake, alikimbia hadi kanisani." Hiyo ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Mtu hawezi kukimbia akivaa viatu. Anayebisha na ajaribu, sisi tutamsubiri mlangoni na dawa ya kidonda. Alivaa viatu, akakimbia. Hapo mambo mawili hayakuwa ya saa moja hata kidogo.

Sasa tuje kwenye yale tuliyosema kwamba yanatuhusu. Mchukue yule mbwa wa mfano wetu. Ukiandika, "Askari wakapita, mbwa akabweka," -ka- inapeleka saa mbele: askari kwanza, mbwa baadaye, naye anawabwekea wao. Ni mbwa tu. Ukiandika, "Askari walipita, mbwa akibweka," mbwa amekwisha kuanza kabla. Alikuwa anambwekea nani? Msomaji wa Dar es Salaam atapita juu ya sentensi hii bila kusimama. Msomaji wa Oicha au wa Mbau atasimama. Katika eneo la Beni, ambako tangu mwaka 2014 watu wameuawa vijijini mara nyingi mno, mbwa anayebweka kabla ya askari kutokea maana yake kuna mtu mwingine shambani. Silabi moja tu, na askari wamekuwa watu waliopita bila kugeuza kichwa. Labda ndivyo mwandishi alivyotaka kusema. Labda hakutaka. Kama hakutaka, amewashitaki watu kwa bahati mbaya.

Mfano mwingine twautoa katika miaka ambayo hakuna mtu hapa aliyeisahau. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika jimbo letu tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Vijana wengi waandika juu ya siku zile, na karibu kila hadithi ina mazishi: watu wa timu wamevaa mavazi yao meupe, jeneza linashuka, jamaa wamewekwa mbali. Tuseme hadithi yasimulia mazishi ya binti, na baba yake yupo. Mwandishi aweza kuandika hivi: "Timu ilishusha jeneza, baba akiwa amesimama mbali." Hapo kazi ya timu ndiyo hadithi. Baba ni kivuli pembeni, na msomaji hajui kama anaogopa, au amekasirika, au ni mgeni aliyepita njia. Aweza kugeuza: "Baba alisimama mbali, timu ikishusha jeneza." Hapo twasimama pamoja na baba, jeneza linashuka kule, mbali na mikono yetu, na hatuwezi kufanya kitu. Au aandike kama wengi waandikavyo kwa haraka: "Timu ikashusha jeneza, na baba akasimama mbali." Hapo jeneza limekwisha kushuka, kisha baba ameondoka karibu na kaburi akaenda kusimama kando. Kwa nini aliondoka? Mtaa mzima utauliza.

Ni baba watatu. Yule wa kweli, tuliyemjua sote katika sura nyingi, alikatazwa kusogea. Wa kwanza anakubaliana naye kidogo, wa pili anakubaliana naye kabisa, wa tatu anamsingizia. Twajua jinsi maneno yalivyokwenda mjini katika siku zile, nani alifanya nini kwanza, nani alikuja baadaye, mpaka vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa mwezi wa Februari 2019. Hatusemi kwamba silabi zilichoma vituo. Twasema kwamba mwandishi wa hadithi, hata akibuni majina, anasimulia mbele ya watu ambao bado wanao wafu waliowazika wakiwa mbali. Watu hao watasoma kila tendo na saa yake.

Tukitafuta mwalimu wa kazi hii, hatuna haja ya kwenda mbali. Fungueni Injili ya Marko, sura ya 5. Yairo anakuja kumwomba Yesu, binti yake yu karibu kufa. Wanakwenda. Njiani, katika msongamano, mama mmoja mwenye ugonjwa wa miaka 12 anagusa vazi. Yesu anasimama. Anauliza. Wanafunzi wanashangaa. Mama anatetemeka, anakuja, anaeleza yote. Kabla mazungumzo hayajakwisha, watu wanatoka nyumbani kwa Yairo na habari kwamba mtoto amekufa.

Sasa jiulizeni: mtoto alikufa lini? Marko hakusema popote kwamba, wakati Yesu alipokuwa anasema na mama, wakati huo mtoto alikuwa anakata roho. Mwandishi wetu wa mfano angelisema mara tatu. Marko alimwacha Yairo asimame pale barabarani, kimya, tukamsahau, maana sisi nasi tulikuwa tunamtazama mama. Wajumbe walipofika ndipo twafahamu kwamba dakika zile tulizozitumia njiani zilikuwa zinatumika nyumbani pia. Twamkumbuka baba aliyesimama bila neno, na yale tuliyokwisha kuyasoma kwa raha twayasoma tena kwa uchungu. Mambo mawili kwa saa moja, nayo yamesimuliwa moja ndani ya lingine, kama yai ndani ya kuku. Mwinjili huyo alipenda namna hiyo. Katika sura ya 14 afanya vilevile kwa Petro: anamweka uani akiota moto, anaingia ndani barazani mwa Kuhani Mkuu, kisha anarudi uani, na moto bado unawaka.

Wazungu nao wamejaribu. Mfaransa Gustave Flaubert, katika Madame Bovary, kitabu cha mwaka 1857, alisimulia maonyesho ya kilimo katika kijiji kimoja. (Kitabu hicho kiliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa mwaka 1864, na orodha yenyewe ilifutwa mwaka 1966. Hata hivyo hatukitoi kwa watoto wa katekisimu.) Chini uwanjani wakubwa wanahutubu na kutangaza zawadi za wakulima; juu dirishani mwanamume mmoja anamshawishi mke wa mtu. Flaubert hakuunganisha. Aliweka maneno ya huyu, kisha maneno ya yule, kisha tena ya huyu, vipande vikizidi kuwa vifupi, mpaka maneno ya mapenzi yanakatwa na tangazo la zawadi ya mbolea. Msomaji anacheka, na kwa kucheka amekwisha kumhukumu mshawishi. Namna hii ni kali, nayo yafaa mahali pa dhihaka. Katika mazishi ingekuwa chukizo.

Ziko pia hadithi za upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyemtoa Bwana Msa ulimwenguni katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alifungulia njia wengi katika kazi hii. Katika hadithi za namna hiyo saa moja husimuliwa mara nyingi: kila mtu aulizwa alikuwa wapi, naye aeleza saa yake, kisha mwingine aeleza saa ileile kwa upande wake. Hapo kurudia ndiko kunakotafutwa. Kwa wale waandikao juu ya usiku wa hofu, usiku ambao kila nyumba ilikuwa na mlango wake na njia yake ya kukimbilia, sisi twadhani namna hii yafaa kuliko kulazimisha nyumba zote ndani ya sentensi moja.

Kuna maneno mengine ya saa ambayo yana mwiba ndani, na vijana huyatumia kama badala tu ya "wakati". Tuchukue Jumapili ile ya tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla yake, Tume ya Uchaguzi ilikuwa imetangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura siku hiyo, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Zingepiga mwezi wa Machi. Nchi ilipiga kura. Mjini Beni raia walipanga mstari hata hivyo, wakapiga kura yao ya mfano. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, Machi haijafika. Haya, mwandishi wa hadithi auweke vipi mchana huo? "Kinshasa walipiga kura, ilhali Beni walinyimwa." Hilo "ilhali" si saa tena, ni lawama. "Kinshasa walipiga kura huku Beni wakinyimwa." Hapa saa ipo, lakini lawama inachungulia nyuma yake. "Siku ileile Kinshasa walipiga kura. Mjini Beni watu walisimama katika mstari, wakangoja zamu yao, wakapiga kura ambayo Tume haitaihesabu." Katika hiyo ya mwisho hakuna neno la lawama, na sisi twaiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu msomaji mwenyewe anaziweka siku mbili hizo pamoja. Mwenye kutaka kulaumu na alaumu, yawezekana ana haki. Ila ajue kwamba amelaumu, asidhani ametaja saa tu.

Mtu ataniuliza: je, kurudia ni dhambi daima? Hapana. Litania hurudia jibu lilelile tangu mwanzo hadi mwisho, na waamini hawachoki. Bibi anayesimulia kando ya moto hurudia "wakati ule, wakati ule", lakini yeye ana shingo ya kugeuza, ana sauti ya fisi na sauti ya sungura, na watoto wanajua kwa mkono wake kwamba sasa tumerudi nyumbani. Hata katika maandishi ya Congo yetu ipo historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani mwa wazungu. Maneno yake yanarudirudi kama ya mzee anayesimulia barazani, na sisi hatungemkata hata moja, kwa maana kila yanaporudi yamebeba mwaka mwingine wa utumishi. Anayerudia kwa kusudi msomaji humsikia. Aliyerudia kwa kukosa la kufanya pia husikika.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vijana ni mmoja, tena wa mikono. Mkiisha kuandika ukurasa, futeni kila "wakati" kwa kalamu ya risasi, msiweke kitu badala yake. Kisha msomeeni mtu ambaye hakuwapo, dada mdogo au jirani, mkamwulize: "Umemwona nani? Nani alianza?" Akimtaja yule mliyemtaka, na mpangilio ukiwa ndio mliokusudia, acheni hivyohivyo. Akitaja mwingine, hapo ndipo pa kutengeneza, na labda "wakati" mmoja utarudi mahali pake kwa heshima.

Tukijaribu hayo kwa mfano wetu wa kwanza, twapata hivi: "Kambale aliinama mtoni. Juu, nyumbani, mama alikuwa jikoni na sombe yake, na mbwa alikwisha kuanza kubweka askari walipotokea barabarani." Ni sentensi mbili, na "wakati" hamna. Sasa mwenye hadithi na atuambie kama mbwa alianza kweli kabla ya askari. Kama alianza baadaye, sentensi yetu ni ya uongo, na itabidi aiandike upya.